Mabaki bandani: dalili unazoziona na kilichozileta

Simu za usiku hunijia zaidi mwisho wa wiki, penye shughuli. Harusi imeisha, masufuria yameoshwa, na nyuma ya jiko limebaki rundo: maganda ya muhogo, maganda ya ndizi, ukoko wa pilau, chicha ya nazi sitini au sabini. Mwenye mbuzi wanne hawezi kuliona rundo lile likitiwa shimoni. Anajaza polo, anapeleka bandani, na saa tano za usiku simu yangu inalia. "Ami, beberu kalala ubavu, anapiga miguu."

Mimi si daktari wa mifugo. Nimefuga huku Donge, Unguja, zaidi ya miaka ishirini, nina ng'ombe watatu wa maziwa, mbuzi, na kuku wa mayai, na wenzangu wameshazoea kuniuliza kabla daktari hajafika. Hapa nimepanga mambo kama anavyokutana nayo mfugaji: kwanza unachokiona kwa mnyama, halafu tunarudi nyuma mpaka kwenye ndoo.

Mabaki ni kile kilichosalia baada ya mtu kuchukua alichokitaka. Mwenye mashine kachukua mchele, mkamuaji kachukua mafuta ya nazi, kiwanda cha Mahonda kimechukua sukari, mama kachukua tui. Kilichoachwa hakifanani tena na zao lenyewe, maana kimoja kimepungua na vingine vimejikusanya. Pumba ya mpunga imejikusanyia mafuta na fosforasi. Ganda la muhogo limejikusanyia uchungu. Dagaa aliyechemshwa kwa maji ya chumvi akaanikwa kabeba chumvi yote mgongoni. Ukijiuliza kilichoondoka ni nini na kilichojikusanya ni nini, nusu ya matatizo haya utayakisia mwenyewe.

Mtu akinipigia huwa sitaji dawa. Namuuliza kala nini siku kumi hizi ambacho kabla yake hakuwa akila, chakula hicho kililala wapi, na wenziwe waliokula naye wakoje. Mara nyingi jibu limo humo, na mara nyingi mwenyewe hulisikia anapolisema.

Anahema, anayumba, anaanguka ndani ya saa moja

Haraka ya namna hii, karibu kila mara, ni muhogo. Maganda mabichi, majani mabichi na mizizi ya muhogo mchungu vina kitu kinachogeuka sianidi kikikatwa au kikitafunwa. Ganda lina nyingi kuliko nyama ya ndani, kwa hivyo aliyemenya kachukua sehemu nyepesi, akakuachia nzito. Sianidi haimzuii mnyama kuvuta hewa, inauzuia mwili kuitumia. Ndiyo maana anahema kama aliyekimbizwa, na ukimfunua mdomo unaona ufizi mwekundu kama tungule. Mate yanamtoka, anayumba, anaanguka, na wengine hufa ndani ya dakika chache.

Mbuzi wangu wa mwanzo kufa kwa mabaki alikufa hivi. Jirani alikuwa akimenya muhogo wa makopa, yaani wa kukausha, na muhogo wa makopa mara nyingi ndio ule mchungu. Akaniletea pakacha zima la maganda, nikalimwaga bandani kabla ya magharibi nikaenda zangu kusali. Niliporudi watatu walikuwa wamesimama pembeni wakihema, na wa nne, jike aliyekuwa na pupa kuliko wenziwe, keshalala na shingo kaipinda nyuma. Bado ganda moja lilikuwa limening'inia mdomoni. Wale watatu walipona kwa sababu moja tu, kwamba yule mwenye pupa aliwawahi.

Ukikuta hali hii ondoa chakula mara moja na umwite daktari wa mifugo mbio. Iko dawa, thiosalfeti ya sodiamu, nayo hupigwa kwenye mshipa, si jambo la kulijaribu mwenyewe. Usimmiminie mnyama anayeyumba maziwa wala maji ya sukari, kama ilivyo desturi yetu. Hawezi kumeza vizuri, yataingia mapafuni, na utamuua kwa njia nyengine.

Maganda yenyewe hayana haja ya kutupwa. Yakate vipande vidogo au yaponde, yaache lundoni saa kadhaa, kisha yatandaze jamvini juani siku mbili tatu mpaka yavunjike mkononi. Sianidi ikishatoka kwenye kificho chake huruka, maana huchemka kwenye nyuzi 26 tu, na jua letu la mchana linapita hapo. Kazi ya kukata na kuponda ndiyo inayoitoa kificho. Ganda zima lililokauka juu juu bado limeifungia ndani. Majani nayo yakatekate, uyaache yanyauke kwanza.

Kitu kingine kinachoua haraka kwa sura inayokaribia hii ni mbolea ya urea, kwa wanaotia urea kwenye majani makavu ya mpunga. Mnyama anatetemeka, povu linamtoka, tumbo linajaa. Hapo, ikiwa bado anameza, siki iliyotiwa maji mengi ya baridi husaidia huku daktari akisubiriwa. Nitaurudia huo utaratibu wa urea mbele.

Tumbo limejaa

Simama nyuma ya mnyama umtazame. Tumbo la kwanza liko kushoto, kwa hivyo shimo la kiuno upande wa kushoto likiwa limefura na ukiligonga linalia kama ngoma, ndani kuna hewa. Sasa mtazame shingo. Akiwa anainyoosha, anakohoa na mate yanachuruzika, kitu kimemkwama: kokwa la embe, kipande cha shelisheli, kichwa cha muhogo. Hewa haina pa kutokea. Mpapase koo kwa nje; ukikisikia karibu na taya unaweza kukisukuma juu taratibu kwa vidole. Kikiwa chini zaidi usikisukume kwa fimbo. Nimeona koo limetobolewa kwa mpini wa jembe, na mnyama yule hakuchinjika hata kwa halali, alikufa kabla kisu hakijafika. Msimu wa embe watu wa Pemba na Unguja sote tunasahau jambo hili kila mwaka. Embe zikatwe, kokwa zitolewe, na mafenesi vivyo hivyo.

Kama koo liko huru na tumbo limefura baada ya kula majani mabichi jamii ya kunde, au makapi mabichi yaliyoanza kuchacha, hiyo ni hewa ya povu. Mafuta ya kula hulivunja povu: kama nusu lita kwa ng'ombe mkubwa, nusu kikombe kwa mbuzi, polepole, kichwa kikiwa sawa na wala si juu. Mtembeze, au msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu kuliko ya nyuma. Akiwa anashindwa kuhema hilo ni la daktari wa sasa hivi.

Halafu liko jaa la tatu, ambalo watu hulikosea zaidi. Mnyama kala wali, mikate, chenga, unga au embe mbivu kwa wingi, na dalili haziji papo hapo. Zinakuja kesho yake. Tumbo halilii kama ngoma. Ukilibonyeza linabwata kama kiriba cha maji. Amesimama kazubaa, hacheui, macho yamezama, na mavi ni laini ya kijivu yenye harufu ya uchachu. Wanga umegeuzwa asidi na vijidudu vya tumboni, na asidi hiyo inachoma ukuta wa tumbo na kuingia kwenye damu. Hapa mafuta hayasaidii kitu. Mnyime vyote vya wanga, muwekee majani makavu na maji kidogo kidogo, na daktari aje na dawa ya kupoza asidi. Mnyama akishalala na masikio yakawa baridi, mara nyingi keshaondoka.

Ukoko wa pilau haukosi baraka, lakini mbuzi asiyezoea apewe gao la mkono. Chakula kipya chochote kiongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Vijidudu vinavyovunja majani na vinavyovunja wanga ni makabila mawili, na hili la pili linahitaji muda kujipanga bila ya kulifukuza lile la kwanza.

Chicha ina tabia zake. Ni tamu, wanyama wanaipenda, na bado ina mafuta mengi kwa sababu hakuna mkono unaomaliza tui lote kwenye kifumbu. Ya leo iliwe leo. Iliyolala kwenye ndoo iliyofunikwa, kwa joto la huku kwetu, asubuhi inachemka povu na kuharisha banda zima. Hata ikiwa mbichi, ikizidi inawaharisha kwa mafuta yake, kwani mafuta mengi huzifunika nyuzi za majani na vijidudu vikashindwa kazi. Ukiwa nayo nyingi, ianike nyembamba juani siku hiyo hiyo.

Anakula kutwa, lakini mbavu zinahesabika na maziwa hayapandi

Hii ndiyo kesi ya kila siku, haina vilio wala simu za usiku, na ndiyo inayotutia hasara kuliko zote. Tangu mbung'o walipomalizwa Unguja, mwaka 1997, wengi tumeingia kwenye ng'ombe chotara wa maziwa, na chotara anadai kula. Tukakimbilia mabaki. Tumbo linajaa, mfuko wa maziwa haujai.

Anza na pumba ya mpunga. Mashine nyingi ndogo, iwe Cheju, Kibokwa au kule Pemba, hukoboa kwa mkupuo mmoja, na kinachotoka nyuma ni mchanganyiko wa ngozi ya mchele, ambayo ni chakula, na makapi ya nje, ambayo ni sawa na kutafuna msasa. Pumba safi ina protini kama asilimia 12 hadi 14. Makapi yana kama 3, na sehemu kubwa ya majivu yake ni silika, kitu kile kile cha mchanga. Yote huuzwa kwa jina moja, polo moja, bei moja.

Siku ya kununua mimi hutia mkono katikati ya polo, sichukui ya juu. Naweka gao kiganjani, nalifinya, kisha napuliza taratibu. Pumba nzuri inashikana ikabaki na alama za vidole. Ya makapi inaruka yote, inabaki miiba. Nikiwa na shaka naitia kwenye bakuli la maji nasubiri dakika chache: makapi yanaelea, ngozi laini inazama, na mchanga unakaa chini kabisa ukilia kwenye bakuli ukilizungusha. Kijana mmoja wa mashine alinicheka mara ya mwanzo. "Mzee, unanunua pumba au dhahabu?" Nilimuonyesha bakuli. Robo tatu ilikuwa ikielea. Alinishushia bei, na tangu siku ile akiniona ananitolea polo la ndani. Ukilazimika kuchukua ya makapi, ipete kwenye uteo nyumbani. Ni kazi ya kuchosha lakini utajua umelipia nini.

Mtuhumiwa wa pili ni maji. Mgomba uliokatwakatwa ng'ombe anaula kwa raha, na mfugaji anafurahi kuona kihori kinaisha. Sasa tupige hesabu. Zaidi ya asilimia 90 ya mgomba ni maji. Ukimpa ng'ombe kilo 40 kwa siku umempa kama kilo 3 za chakula kikavu, na chotara wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji kama kilo 12. Hata kama angekula migomba mpaka alale, hawezi kufika. Wakati wa kiangazi mgomba unamnywesha, na hilo si dogo, lakini usiuhesabu kuwa ni mlo. Maganda ya ndizi ni afadhali kidogo, ingawa yakiwa mabichi yana ukakasi unaomfunga choo.

Mtuhumiwa wa tatu ni upungufu wa protini. Wanga wa maganda ya muhogo na pumba vikiwa peke yao havina cha kujengea maziwa. Hapo ndipo pa mashudu, yaani kinachobaki mbegu au nazi ikishakamuliwa mafuta. Mashudu ya nazi yana protini kama asilimia 20, ya alizeti yanayovushwa kutoka Bara yanapishana sana kutegemea kama maganda ya mbegu yametolewa au hayakutolewa, kwa hivyo tazama weusi: meusi tele ni maganda tele. Mashudu ya nazi yanakunywa maji na kufura, yaroweke kidogo kabla ya kuyatoa, hasa kwa mnyama mwenye pupa. Asiyeweza kununua mashudu asisahau majani ya mti wa mlusina na ya muhogo yaliyonyaushwa. Ni bure, yako mpakani mwa shamba.

Majani makavu ya mpunga nayo yana protini kama asilimia 4, na ndiyo pale watu wanapotumia urea. Utaratibu unaofahamika ni kilo 4 za urea zilizoyeyushwa kwenye maji lita 50 hadi 100, zinyunyizwe sawasawa kwenye kilo 100 za majani, zishindiliwe na kufunikwa kwa nailoni bila ya kupitisha hewa, wiki tatu. Kabla ya kulisha, yafunue yapigwe upepo mpaka harufu ile ya kuchoma macho ipungue. Wanaoua ng'ombe ni wale wanaonyunyiza wakalisha siku ile ile, au wanaoacha ndoo ya maji ya urea wazi na ng'ombe ana kiu. Ndama na kuku wasiguse kabisa.

Na kabla hujaihukumu ndoo, mpime joto. Ng'ombe mzima anakaa karibu na nyuzi 38 na nusu. Akipita 40, tezi za chini ya masikio na mbele ya bega zimevimba, hiyo ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na hakuna pumba itakayomnenepesha. Ukimfunua kope la chini ukakuta weupe kama karatasi, fikiria minyoo. Nimewahi kubadilisha chakula mara tatu kwa mtamba ambaye shida yake ilikuwa kupe.

Amesusa

Jana alikula, leo ananusa na kugeuka. Mnyama ana pua bora kuliko yako, muamini. Pumba ya mpunga nzuri ina mafuta mpaka asilimia 15 na zaidi, na mafuta hayo yanaanza kuharibika mara tu mpunga unapokobolewa. Ndani ya wiki mbili, penye joto na unyevu wetu, inatoa harufu ya sabuni na inaacha uchungu ulimini. Nunua ya kutosha wiki moja tu. Ukiwa na ya zaidi, ikaange kidogo kwenye karai, moto mdogo, mpaka iwe moto usioshikika. Joto linaua kile kinachoyaharibu mafuta.

Wakati wa masika sababu nyengine ni ukungu. Polo limewekwa sakafuni, limeegemea ukuta, na chini yake kumefanya unyevu. Juu ni kukavu, ukitia mkono ndani unakuta mabonge yenye joto na kijani au manjano. Hicho usikipete, usikianike, usikichanganye na kizuri ili "kipungue nguvu". Sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu, haitoki kwa jua wala kwa moto wa jikoni, na kwa ng'ombe wa maziwa sehemu yake inapita ikaingia kwenye maziwa wanayokunywa watoto wako, na kuyachemsha hakuiondoi. Kifukie. Mapolo yapande juu ya uchaga, mbali na ukuta kiasi mtu apite, na mashudu yasiingie stoo mpaka yavunjike kwa mlio.

Kuna watu huniuliza kuhusu makonyo ya karafuu, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, hasa jamaa wa Wawi, Pemba, walio karibu na kiwanda cha mafuta ya karafuu, kwamba mbona yamejaa na wanyama hawayataki. Mimi naona mnyama kashajibu.

Beberu anajikunja, mkojo hautoki

Anasimama kama anayetaka kukojoa, mkia unatikisika, anaguna, labda yanadondoka matone mawili yenye damu. Mwenye mbuzi anadhani ni choo kigumu, anampa chumvi ya haluli. Ni vijiwe vya mkojo. Huwapata zaidi madume, na zaidi waliohasiwa wadogo, kwa kuwa njia yao ni nyembamba. Mwenye kumfuga beberu wa kuchinja Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa, anamnenepesha kwa pumba, miezi mitatu, na pumba ina fosforasi nyingi mno na kalsiamu kidogo. Mizani inapinduka, mkojo unajenga mawe. Kinachofaa ni kalsiamu mara mbili ya fosforasi.

Aliyeziba kabisa ni wa daktari, na baada ya siku moja mbili kibofu hupasuka. Kwa waliobaki punguza pumba, ongeza majani, weka maji safi kivulini wakati wote, na jiwe la chumvi la kulamba ili wanywe. Kalsiamu tunayo pwani: magamba ya kombe na chaza, yaoshwe, yakaushwe, yatwangwe kuwa unga. Usitumie chokaa ya kuchoma ya kujengea. Inaunguza.

Kuku na bata

Kwa kuku dalili ya mwanzo ni sakafu. Matandiko yamelowa, kinyesi ni maji, na kopo la maji linaisha kabla ya adhuhuri. Onja dagaa uliyowapa. Ndiyo, uonje. Dagaa letu linachemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na vumbi linalobaki chini ya mapolo ndilo tunalouziwa la kuku, likiwa na chumvi na mchanga wa ufukweni. Chumvi katika chakula chote cha kuku haifai kuzidi nusu kilo kwenye kilo 100. Lioshe dagaa mara mbili, lianike, na lisizidi kilo 10 katika kila kilo 100 za mchanganyiko. Wakishalewa chumvi wape maji matamu kidogo kidogo, kila nusu saa. Wakinywa kwa mkupuo hali inazidi. Mwani unaotupwa na maji Paje na Jambiani una shida hiyo hiyo ya chumvi kwa ng'ombe na mbuzi, uoshwe kwanza.

Mayai yenye ganda laini ni upungufu wa kalsiamu, na yule yule mchawi, pumba. Unga wa magamba ya kombe unatibu. Kiini kikiwa na rangi ya kijani au kahawia baada ya mayai kukaa, ulizia kama mashudu ni ya pamba, maana yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba. Ng'ombe mkubwa anaivumilia kwa kiasi, kuku haimfai.

Vifaranga vya bata kufa kimoja kimoja bila ya sababu ni alama ya sumukuvu kuliko ugonjwa wowote ninaoujua mimi. Bata ndiye dhaifu zaidi kwa sumu hii. Na ndiye tunayemtupia mkate wenye ukungu alioukataa ng'ombe! Mwaka 1960 Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kabla watu hawajajua sababu, nayo ilikuwa mashudu ya karanga kutoka Brazili yaliyoingia kuvu. Hapo ndipo dunia ilipoijua sumu hii.

Ng'ombe wa mabaki ya hoteli

Anakonda taratibu, hacheui vizuri, tumbo linafura na kushuka, dawa za minyoo hazisaidii. Kama anakula mabaki ya hoteli au anazurura jaani, fikiria plastiki. Tulimchinja mmoja kijijini baada ya mwenyewe kukata tamaa. Ndani ya tumbo la kwanza kulikuwa na bonge la mifuko na kamba za nailoni lililosokotana kama kichwa cha mtu, na ndani ya bonge hilo kijiko. Halitoki kwa dawa, halitoki kwa mafuta. Mwengine alikuwa na ndoana ya samaki iliyomchoma kuelekea moyoni. Alikuwa akisimama na viwiko vimetanuka, hataki kuteremka mlima, akiguna ukimfinya mgongo.

Mabaki ya hoteli yamwage kwenye bati kubwa, uyapekue kwa mkono kabla ya kulisha, na upitishe sumaku ya spika mbovu kama unayo. Toa nyama na mifupa yote. Ng'ombe na mbuzi hawalishwi nyama, na Uingereza walijifunza hilo kwa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, uliosambaa kupitia unga wa nyama na mifupa. Kwetu kuna la zaidi, kwamba hujui sahani ile ilikuwa na nyama gani na mchuzi ule ulitiwa nini. Kuku wa jaani, wanavyuoni humwita jalala, nao husema afungiwe alishwe kisafi kabla ya kuchinjwa, na kwa kuku wengi hutaja siku 3. Mimi hufunga wiki, kwa fiqhi na kwa ladha pia.

Mawili madogo

Molasi, ule uji mweusi mtamu unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa: mnyama aliyenyweshwa bila kipimo na majani yakawa machache huyumba, hugongana na ukuta, huonekana hana macho. Iwe kama sehemu moja katika kumi ya chakula chote, iliyotiwa maji ikanyunyizwa juu ya majani makavu, na iache kabisa kwa siku chache ukiona anayumba.

Na maziwa yenye harufu. Bi mmoja mteja wangu alinirudishia birika mlangoni, hakusema neno, akalifunua tu mfuniko chini ya pua yangu. Lilinuka chicha iliyochacha. Nilikuwa nikilisha saa moja kabla ya kukamua, ili ng'ombe atulie. Sasa nakamua kwanza, chombo kinatoka bandani, ndipo chicha inaingia, na bi yule ananunua lita mbili.